Kutumia tena sili za injini ya Wankel

Kutumia tena sili za injini ya Wankel ni suala la ufundi linalojitokeza pale injini ya aina hiyo, ikiwa imetoka kufanyiwa ovahoo, inapolazimika kufunguliwa tena. Sili mpya ni sehemu kubwa ya gharama ya ovahoo, kwa hiyo fundi au mwenye gari hutaka kujua ni zipi zinaweza kurudishwa na ni zipi lazima zibadilishwe.

Kwa jumla, sili za chuma zilizofanya kazi muda mfupi zinaweza kutumika tena, mradi zipimwe na kila moja irudi mahali pale pale ilipotoka. Sili za mpira zilizokwisha kubanwa na kupata joto hubadilishwa, hata kama kwa macho zinaonekana nzima. Tofauti hiyo inatokana na jinsi kila aina inavyozeeka: chuma hulika kwa kufuata uso kinaousugua, na mpira hubaki na umbo la mahali ulipobanwa.

Makala hii inafuata hasa injini za Mazda za familia ya 13B, ambazo zilitengenezwa kwa wingi kuliko injini nyingine za Wankel.

## Injini na sili zake

Injini ya Wankel ni injini ya mwako wa ndani isiyo na pistoni. Badala yake ina rota yenye pembe tatu inayozunguka ndani ya kasha lenye umbo linalokaribia yai lililobonyea katikati. Kasha hilo hufungwa pande zote mbili kwa mabamba ya chuma. Injini ya 13B ina rota mbili, makasha mawili na mabamba matatu: la mbele, la katikati na la nyuma. Vipande hivyo vyote hupangwa kama sahani na kubanwa pamoja kwa bolti ndefu zinazopita kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Kila rota hutenga vyumba vitatu vya gesi. Ili gesi isivuje kutoka chumba kimoja kwenda kingine, wala oili na maji yasiingie ndani ya vyumba hivyo, kuna aina tano za sili:

- Sili za ncha hukaa kwenye mfuo uliochongwa katika kila ncha ya rota na kusugua ukuta wa kasha. Kila rota ina tatu.
- Sili za ubavu ni vipande vyembamba vilivyopinda ambavyo husugua mabamba. Kila rota ina sita, tatu kila upande.
- Sili za kona ni vipande vya mviringo vinavyounganisha sili za ncha na za ubavu. Kila rota ina sita.
- Sili za oili ni pete za chuma zinazozuia oili ya katikati ya rota isipande kwenye vyumba vya mwako. Kila rota ina nne, na ndani ya kila pete kuna ringi ya mpira.
- Sili za maji ni ringi ndefu za mpira zinazokaa kati ya kasha na bamba. Kila mahali kasha linapokutana na bamba kuna mbili, ya ndani na ya nje, na maji ya kupozea injini hupita kati yake.

Sili za ncha, za ubavu na za kona husukumwa nje na springi ndogo. Hata hivyo, springi huanzisha mguso tu. Injini inapofanya kazi, gesi yenye shinikizo huingia nyuma ya sili kupitia nafasi ndogo ya mfuo na kuikandamiza dhidi ya uso inaousugua. Kwa sababu hiyo sili inayonata kwenye mfuo wake, hata kama ni mpya, haizibi vizuri.

## Historia ya tatizo la sili

Injini hii ina jina la mhandisi Mjerumani Felix Wankel (1902–1988), aliyeshirikiana na kampuni ya NSU. Injini ya kwanza ya majaribio iliwaka mwaka 1957. NSU ilitoa gari dogo la Spider mwaka 1964 na gari la familia la Ro 80 mwaka 1967. Ro 80 lilichaguliwa kuwa Gari la Mwaka barani Ulaya kwa mwaka 1968, lakini injini zake za awali zilisumbuliwa na kulika kwa sili za ncha. Kampuni ilibadilisha injini nyingi kwa gharama yake yenyewe, na jambo hilo liliharibu sifa ya gari.

Nchini Japani, kampuni ya Toyo Kogyo, ambayo baadaye iliitwa Mazda, ilipata leseni ya injini hiyo. Mwaka 1963 iliunda idara maalumu ya utafiti chini ya Kenichi Yamamoto. Wahandisi wake walikuta mikwaruzo ya mawimbi kwenye ukuta wa kasha, wakaiita "kucha za shetani". Chanzo chake kilikuwa mtetemo wa sili ya ncha yenyewe ilipokuwa ikiteleza ukutani. Kwa gari la Cosmo Sport la mwaka 1967 walitumia sili za kaboni iliyotiwa alumini. Miaka iliyofuata Mazda ilihamia kwenye sili za chuma, na upana wake ukapungua hatua kwa hatua kutoka milimita 6 za injini ya 10A hadi milimita 3, kisha 2.

Historia hiyo inaonyesha kwamba sili haiwezi kuamuliwa peke yake. Sili na uso inaousugua hufanya kazi kama jozi, na ubora wa mmoja hutegemea hali ya mwingine.

## Sababu za kufungua tena

Injini iliyofanyiwa ovahoo karibuni hufunguliwa tena kwa sababu kadhaa:

- Sili ya maji imetoka kwenye mfuo wake wakati wa kufunga na kubanwa kati ya kasha na bamba, hivyo maji huvuja nje au ndani ya chumba cha mwako.
- Kipande kidogo cha pembetatu kilicho mwishoni mwa sili ya ncha kimeanguka wakati wa kupanga vipande.
- Chumba kimoja kina mgandamizo mdogo kuliko vingine kwa sababu sili ya ubavu au ya kona imenata au imekaa vibaya.
- Ringi ya mpira ya sili ya oili imekatika, na injini inatoa moshi wa bluu.
- Fundi amegundua kwamba kifaa fulani kimesahaulika au kimewekwa kinyume.

## Je, ni lazima kufungua?

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba kasoro haiwezi kurekebishwa bila kulegeza zile bolti ndefu. Bolti hizo zikishalegezwa, kila sili ya maji huachia mahali ilipokaa, na kazi ndogo hugeuka kuwa ovahoo nyingine.

Mfano unaofahamika sana ni wa nafasi ya mwendo wa shafti kwenda mbele na nyuma. Katika 13B nafasi hiyo inatakiwa kuwa kati ya milimita 0.04 na 0.07. Wakati wa kufunga sehemu ya mbele, beringi nyembamba ya sindano inaweza kushuka kutoka mahali pake na kubanwa bolti ya mbele inapokazwa, na shafti hukosa nafasi hiyo. Kasoro hii hurekebishwa kwa kuondoa kifuniko cha mbele tu. Vilevile sili ya nyuma ya shafti na karata ya oili hushughulikiwa bila kugusa bolti ndefu.

Mgandamizo mdogo nao hauthibitishi kasoro peke yake. Sili mpya kwenye kasha lililokwisha kutumika huhitaji muda wa kuzoeana nalo, na mgandamizo hupanda kadiri injini inavyotembea. Petroli ikizidi ndani ya chumba huosha utando wa oili unaosaidia sili kuziba. Kwa hiyo mafundi hutia kwanza oili kidogo kupitia tundu la plagi, huzungusha injini, kisha hupima tena. Mgandamizo ukirudi, huenda sili hazina tatizo. Chumba kimoja kikibaki chini ya vingine viwili hata baada ya hapo, kuna sababu ya kutosha ya kufungua.

## Sili za chuma

### Sili za ncha

Sili ya ncha hufanya kazi ngumu kuliko zote. Katika 13B ncha ya rota iko milimita 105 kutoka katikati ya rota, na katikati hiyo imepishana na katikati ya shafti kwa milimita 15. Kutokana na vipimo hivyo, sili huinama hadi nyuzi 25 hivi upande huu na upande ule inapozunguka kasha. Shafti inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, rota huzunguka mara 2,000, na sili husafiri ukutani kwa wastani wa zaidi ya mita 20 kwa sekunde.

Mwendo huo huanza kuipa sili umbo la uso wake tangu saa za kwanza. Pande zake pia hulika kwa kufuata kuta za mfuo wake. Ikihamishiwa kwenye ncha nyingine, kazi ya kuzoeana huanza upya, safari hii kwa sili iliyokwisha kupoteza sehemu ya chuma chake. Ndiyo maana sili hurudishwa kwenye rota ile ile, ncha ile ile na kwa kuelekea upande ule ule.

Kabla ya kurudishwa, sili hupimwa kimo kwa maikromita mahali kadhaa kwa urefu wake. Sili mpya ya milimita 2 ina kimo cha milimita 8.0. Nafasi kati ya sili na mfuo hupimwa kwa fila geji, na ikizidi milimita 0.15 haikubaliki. Sili mbili zinapowekwa uso kwa uso na kutazamwa dhidi ya mwanga, zilizopinda hujionyesha. Sili yenye ufa, kona iliyomeguka au rangi ya kuungua hutupwa.

### Sili za ubavu na za kona

Sili ya ubavu hukatwa kwa kipimo cha mahali pake. Wakati wa ovahoo fundi huipunguza kwa tupa kidogo kidogo hadi nafasi kati ya mwisho wake na sili ya kona ifikie milimita 0.05 hadi 0.15. Ikiwa ndefu mno, joto huirefusha, huisukuma sili ya kona, na zote mbili hunata. Ikiwa fupi mno, gesi hupita. Nafasi ikizidi milimita 0.4, sili haifai tena.

Kwa sababu hiyo, kuchanganya sili za ubavu ni kosa kubwa kuliko linavyoonekana. Zote kumi na mbili za injini ya rota mbili hufanana kwa macho, lakini kila moja ina urefu wake. Zikichanganyika, fundi hulazimika kupima kila moja upya, na zile zilizo fupi kwa mahali pengine haziwezi kurefushwa.

Sili ya kona hurudishwa kwenye tundu lake ikiwa inateleza kwa uhuru bila kuyumba. Kizibo cha mpira kilicho ndani yake hukaguliwa, na kikiwa kigumu hubadilishwa.

### Springi na pete za oili

Springi huharibiwa na joto kuliko na mwendo. Iliyopoteza mkunjo wake husukuma sili kwa nguvu ndogo, na gari huwa gumu kuwaka. Springi za injini iliyotembea kidogo bila kuchemka kwa kawaida hurudishwa.

Pete ya chuma ya sili ya oili inaweza kutumika tena ikiwa ukingo wake unaosugua bamba haujazidi upana wa milimita 0.5 na hauna mkwaruzo. Pete hizo huharibika kwa urahisi wakati wa kuinua rota, ikiwa ukingo utagonga shafti.

## Sili za mpira

Mpira unaobanwa kwa muda huku ukipata joto hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kurudi kwenye umbo la awali. Ringi iliyokuwa ya mviringo ikikatwa hutoka ikiwa bapa upande mmoja. Ikiendelea kubanwa mahali pale pale inaweza kuziba kwa miaka mingi. Ikitolewa na kurudishwa, ule ubapa haulingani tena na mfuo wala na bamba, na nguvu ya kusukuma pande zote mbili imepungua.

Sili za maji zina shida nyingine pia. Makasha ni ya alumini na mabamba ni ya chuma cha kusubu, na metali hizo mbili hupanuka kwa viwango tofauti. Sili hutakiwa kufuata mwendo huo kila injini inapopata moto na kupoa. Wakati wa kufungua, sili hushika pande zote mbili, huvutika na kurefuka. Ringi iliyorefuka haikai vizuri kwenye mfuo, na hapo ndipo hubanwa vibaya.

Madhara yake hayalingani na bei yake. Sili ya ndani ikivuja, gesi ya mwako husukuma maji nje ya rejeta na injini huchemka. Injini ikizimwa, maji huingia ndani ya chumba, huosha oili na kutia kutu kwenye mabamba na sili za ncha. Hivyo ringi ya bei ndogo inaweza kuharibu sili zote za chuma zilizookolewa, pamoja na kasha lenyewe.

Kanuni hiyo hiyo hufuatwa kwa ringi za mpira ndani ya sili za oili, ringi ya njia ya oili kwenye kifuniko cha mbele na gaskiti. Silikoni iliyokwisha kukauka hukwanguliwa yote na kupakwa mpya. Mabaki yake yakiachwa huweza kuingia kwenye njia za oili na kuziziba.

## Hali tatu za injini

Uamuzi wa jumla hutegemea kile injini ilichopitia tangu ilipofungwa.

Injini ambayo haijawahi kuwashwa. Sili zote za chuma na springi hurudishwa baada ya kukaguliwa. Sili za maji zilizokaa zimebanwa muda mfupi bila joto zinaweza kuwa bado nzima, na baadhi ya mafundi huzirudisha. Wengi huzibadilisha, kwa hoja kwamba gharama yake ni ndogo kuliko ya kufungua mara ya tatu. Iliyovutika au kukatwa haina mjadala.

Injini iliyowashwa na kutembea kidogo bila kuchemka. Sili za chuma hupimwa na kurudishwa kila moja mahali pake. Mpira wote hubadilishwa. Muda wa kuzoeana hurudiwa, ingawa huwa mfupi zaidi.

Injini iliyochemka, iliyogonga au iliyoingiwa na maji. Mwako wa ghafla unaosikika kama kugonga huweza kupasua au kupinda sili ya ncha hata mara ya kwanza. Kuchemka huharibu springi na huweza kupinda makasha na mabamba. Katika hali hii upya wa sili hauhesabiki tena. Kila kipande hupimwa kama cha injini kuukuu, na sili za ncha kwa kawaida hubadilishwa. Sili moja ya ncha iliyovunjika huacha vipande vinavyokwangua kasha, na katika injini yenye turbo vipande hivyo hutoka na moshi na kugonga tabini ya turbo.

## Kufungua na kuhifadhi

Kazi ya kurudisha sili hufaulu au kushindwa wakati wa kufungua. Bolti ndefu hulegezwa hatua kwa hatua, si moja hadi mwisho kisha nyingine. Bamba huinuliwa polepole likiwa limenyooka, kwa kuwa oili hulishikisha na vipande vidogo. Kipande cha pembetatu cha sili ya ncha au sili ya kona inaweza kupanda na bamba kisha kuanguka, na baada ya hapo hakuna njia ya uhakika ya kujua ilitoka wapi.

Mafundi huandaa ubao au sinia yenye vyumba vilivyoandikwa namba ya rota, upande wa mbele au wa nyuma, na namba ya ncha. Sili huwekwa hapo pamoja na springi yake mara tu inapotolewa. Masizi huondolewa kwa kimiminika cha kusafishia na brashi laini. Uso wa sili unaosugua kasha hausuguliwi kwa msasa, kwa sababu msasa huondoa umbo ambalo sili imekwisha kulipata.

Makasha na mabamba hukaguliwa wakati huo huo. Kasha ambalo kromu yake imebanduka litakula sili mpya na ya zamani sawasawa.

## Kufunga na kupima

Sili za maji hupakwa vaselini kidogo ili zisitoke kwenye mifuo bamba linaposhushwa, na sili za chuma hupakwa oili ya injini. Bolti ndefu hukazwa kwa mpangilio na kwa awamu. Kwa 13B kiwango cha mwisho ni takriban Nm 32 hadi 39. Baada ya kila rota kufunikwa, shafti huzungushwa kwa mkono. Ikikwama, kazi husimamishwa na chanzo hutafutwa.

Injini ikiwa imefungwa, plagi huondolewa na shafti huzungushwa tena. Kila rota hutoa pumzi tatu zinazolingana. Kisha mgandamizo hupimwa kwa kifaa kinachosoma vyumba vyote vitatu, kwa mizunguko 250 kwa dakika. Vyumba vya rota moja havitakiwi kupishana kwa zaidi ya kilopaskali 150. Njia za maji hujazwa na kutiwa shinikizo kabla injini haijarudishwa kwenye gari, kwa kuwa mvujo unaogunduliwa mezani hurekebishwa kwa urahisi kuliko ule unaojitokeza barabarani.

Vipimo hivyo huandikwa pamoja na orodha ya sili zilizorudishwa na zilizobadilishwa. Injini ikihitaji kufunguliwa siku nyingine, orodha hiyo humwonyesha fundi atakayefuata umri halisi wa kila sili.